Kamba ya Maegesho, Siakago

Riungu alikuwa mtu wa mbio tangu ujana wake. Ungemwambia siku zile kwamba uzeeni angekwama kwenye foleni ya magari nje ya Siakago, nyuma ya lori la soda, akisogea kidogo na kusimama, kidogo na kusimama, angekucheka mbele ya watu. Lakini Jumamosi hiyo ndipo alipokuwa, mikono miwili kwenye usukani wa Probox yake nyeupe, vumbi limemjaa hadi kwenye meno, na mashindano ya magari aliyokuja kuyaona hayajaanza.

Miaka ya nguvu zake aliendesha pikapu ya miraa kutoka Maua hadi uwanja wa ndege Nairobi. Mzigo ule haukuwa na subira. Ukichelewa, ndege imeondoka na majani yamenyauka, na tajiri hataki kusikia habari za pancha. Mji wa Embu Riungu aliujua kwa kioo cha pembeni tu, kwa maana hakuwahi kusimama hapo hata kunywa chai. Watu wa barabarani walimjua kwa honi. Wenye baiskeli waliingia mtaroni wenyewe kabla hajawafikia, na sidhani walikuwa wakimwombea baraka.

Jambo la kuchekesha, au la kusikitisha, sijui, ni kwamba mtu huyu aliyependa mbio kuliko chakula hakuwahi kuona gari la mashindano likipita. Kila mashindano yalipokuja upande wa Meru, yeye alikuwa barabarani na mzigo. Alisikiliza redioni, kisha televisheni ilipofika nyumbani akatazama. Kitu alichokitaka hasa ni ule mruko: gari linafika kwenye tuta, magurudumu yote manne yanaachana na ardhi, na kwa kitambo kidogo halina uzito wowote. Alisema televisheni inauharibu, kwamba mruko ni wa kuona kwa macho yako.

Na macho ndiyo yaliyomleta Siakago mwaka huu. Daktari wa macho mjini Meru alimweleza bila kuzungusha: presha ya macho imekula pembeni, sasa inaelekea katikati, dawa ya matone itaichelewesha tu. Riungu alimsikiliza, akashukuru, akarudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba matone yale ni ya vumbi. Hakumwambia mtu mwingine. Alichoona sasa ni kama mtu anayechungulia kupitia mrija: mbele kuko sawa, pembeni ni ukungu. Alijua si haki kuendesha gari namna hiyo. Alijiambia anaendesha polepole, na kwamba baada ya mbio hizi za Siakago ataacha. Mwakani pengine asingeona hata tuta lenyewe.

Karwirwa, mkewe, alikaa kando yake na mkoba magotini. Walilala kwa binti yao Kajuju mjini Embu usiku wa kuamkia siku hiyo, na tangu watoke Embu mama huyu hakufunga mdomo.

"Boda hiyo kushoto," alisema. "Baba Kajuju, mbuzi hao. Kuna mama anataka kuvuka."

"Nimeona."

"Sawa. Kuna mwingine."

Zamani Karwirwa alipanda gari la mumewe akifumba macho kuanzia Chuka, akiomba kimyakimya mpaka safari iishe. Siku hizi Riungu alikuwa mpole barabarani, haovateki hata trekta, na badala ya kushukuru mama huyu alikuwa ameota tabia ya kutangaza kila kitu kinachosogea. Riungu aliona huo ni uzee. Alichoka nao, lakini alinyamaza, kwa sababu ule utangazaji ulimsaidia zaidi ya mara moja.

Walipofika kwenye mashamba yaliyogeuzwa maegesho, walikuta kila mwenye ekari amefunga kamba langoni na kusimama hapo kama polisi. Shamba la kwanza limejaa. La pili lilikuwa la mawe. Kwenye la tatu alisimama mzee mrefu mkavu, kofia ya majani kichwani, kamba ya mkonge mkononi. Jina lake Ireri. Ndengu zake zilikuwa zimevunwa na shamba liko wazi, na kando ya lango palikuwa na mgunga mmoja wenye kivuli kizuri, ambao chini yake hakuna gari.

"Habari ya safari, mzee," Ireri alisema. "Mmetoka mbali?"

"Maua."

"Kumbe ni Meru kabisa."

Hapo ndipo Riungu alipofanya kosa lake, na alilifanya akitabasamu. Alikuwa amechoka, goti linamuuma, na kivuli cha ule mgunga kilimwita. Akamwambia Ireri kwamba babu yake alikuwa na ndugu wa kiapo huku Mbeere. Ireri akamuuliza ni wa ukoo gani. Riungu akautaja. Mzee yule akavua kofia ya majani, akaishika kifuani.

"Basi umefika," alisema. "Ukoo huo ni gichiaro ya ukoo wetu. Baba alituambia tukiwa wadogo."

Wazee wa zamani walifunga undugu huo ukoo kwa ukoo, na haukufa na wao. Gichiaro wako akikuomba kitu, humnyimi. Akikuuliza kitu, humdanganyi. Vijana wa leo watakuambia hizo ni hadithi, lakini mtu wa rika la Riungu, hata akiwa mzee wa kanisa, hathubutu kuuchezea. Anaogopa, na haoni haya kuogopa.

"Kama ni hivyo," Riungu akasema, "gichiaro wangu, nipatie hapo chini ya mti."

Ireri aliutazama mti. Nafasi ile alikuwa amewawekea watu wa Nairobi waliompigia simu tangu juzi. Alikohoa. Kisha akaangusha kamba, akampungia mkono aingie, na hela ya maegesho akaikataa katakata.

Karwirwa alingoja mpaka injini ikazimwa. "Umetumia gichiaro kwa sababu ya kivuli?"

"Nimesalimia ndugu."

"Umesalimia mti," alisema Karwirwa, akafungua mlango.

Kutoka hapo hadi korongoni, mahali magari yanaporukia, ni mwendo wa mguu kwenye kijia cha miiba, na kijia kizima kilikuwa soko. Wauza fulana walikuwa wametundika mali yao kwenye kamba za manila kutoka mti hadi mti: fulana zenye picha za magari, jaketi za bei ya mbuzi, bendera, miwani ya jua ya kila rangi, vitambaa vya kuziba pua. Mbele kulikuwa na hema la waandaaji wa mbio wenyewe, vitu vyake halisi na bei yake ya kutisha. Wengine wote waliuza vya kuigiza na kuapa ni vilevile. Karwirwa alisema lazima Riungu apate kofia. Jua hili litampasua kichwa.

Riungu hakutaka kofia. Alitaka kwenda korongoni. Lakini alikuwa ameishi miaka mingi na mwanamke huyu, alijua sauti ipi haibishaniwi. Wakapanga foleni penye kofia nyingi. Foleni ilisimama palepale. Mbele yao vijana walijaribu jaketi na kupigana picha wakiwa nazo, kisha wakazirudisha. Zamu yao ilipofika, Karwirwa akaanza kuchagua, na hapo ndipo Riungu alipotamani kulia.

Mkewe alichukua kofia, akapitisha kidole gumba juu ya picha ya mbele, akairudisha. Akachukua nyingine, akaipapasa, akairudisha. Mara nyingine alifumba macho kabisa, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Mama, hizo zote ni sawa," muuzaji alisema. "Ni original."

"Hizi mmepaka rangi. Nataka ya kushonwa na uzi."

"Ya uzi ni bei ingine."

"Mimi nimeuliza bei?"

"Ya rangi inatosha," Riungu alisema. "Mama Kajuju, twende."

"Ya rangi itatoka ukifua mara moja. Ngoja. Lete kichwa."

Alimjaribisha kubwa, akamjaribisha ndogo, akalalamika kuhusu kichwa chake mbele ya umati, na wakati huohuo, upande wa korongo, ikasikika sauti. Kwanza mvumo wa mbali, kisha mlio mkali unaopanda, kisha kimya kifupi, kisha kishindo. Watu wakapiga yowe. Riungu aliijua maana ya kile kimya kifupi. Gari lilikuwa hewani.

Alijaribu kukimbia huku vishindo vingine vikifuatana, lakini njia ilikuwa imezibwa na watu, na pembeni mwa macho yake hapakuwa na kitu. Alijigonga kwenye mti wenye fulana. Alipofika kwenye ukingo, gari la mwisho la raundi ya kwanza lilikuwa limepita na vumbi limefunika bonde lote. Alisimama hapo na kofia mpya kichwani, nyeusi, yenye gari jekundu linaloruka, lililoshonwa kwa uzi mnene. Alikasirika sana. Amechelewa kwa ajili ya kofia, yeye ambaye hakuwahi kuchelewa kwa ajili ya ndege.

"Yatarudi alasiri," Karwirwa alisema, akihema. Miguu yake ilikuwa imevimba juu ya viatu. "Si umesema yanapita mara mbili?"

Riungu alitafuta jiwe zuri karibu na tuta, akakaa, akasema hataondoka hapo hata akiitwa na nani. Walikula mahindi ya kuchoma na mayai. Jua la Mbeere lilikaa juu ya vichwa vyao, na umati ukazidi, mpaka wenye watoto wakawaweka mabegani. Mchana ule haukuisha. Karwirwa alisinzia amekaa. Riungu alitia matone yake kwa siri, akifanya kama anajipangusa jasho, na akalikazia macho lile tuta. Aliliona vizuri, na hilo likamtuliza roho.

Gari la kufungua njia lilikuwa limeshapita na king'ora chake, watu wamesimama wote, mtu mwenye kipaza sauti aliposema kwa sauti ya kuchoka:

"Mwenye Probox nyeupe, mzee wa Maua, chini ya mgunga kwa Ireri. Umezuia ambulensi. Tafadhali kuja utoe hiyo gari sasa hivi."

Riungu alitumaini kuna mzee mwingine wa Maua. Tangazo likarudiwa.

"Nenda haraka," Karwirwa alisema. "Nitakushikia jiwe."

Alienda. Alikwenda mbio za mtu wa umri wake, akipishana na watu wote wanaokuja huku wakishangaa anakokwenda, akipiga mabega asiyoyaona. Kumbe lango lile la kivuli ndilo lilikuwa pia njia ya ambulensi, na watu wa Nairobi, walipokosa nafasi yao, walijipanga kushoto na kulia kwa Probox kwa hasira mpaka pakazibika pote. Alirudisha Probox nyuma, Ireri akimwelekeza, ambulensi ikapita na kwenda kusimama mahali pake. Akazima gari. Akageuka kuondoka. Bado kulikuwa na dakika.

"Gichiaro," Ireri aliita.

Riungu alisimama. Alijua kabla hajasikia.

"Mimi ni miaka yote hii wanapita hapa kwangu. Nashikanga hii kamba tu. Nasikia kelele, naona vumbi, sijawahi ona gari hata moja ikiruka. Bibi yangu ako kwa kuuza chapati, siwezi muita. Nishikie kamba. Niende nione mara moja, nirudi."

Aliisema kwa upole, kama mtu anayeomba maji. Pengine hata hakukumbuka sheria ya undugu ule wakati huo. Lakini Riungu aliikumbuka, maana asubuhi ndiye aliyeifufua, kwa sababu ya mti. Alifungua mdomo. Angeweza kusema, ndugu yangu, mimi naingia gizani, niache nione leo. Ireri asingemnyima, naye asingeweza kumnyima Ireri, na wangebaki wanatazamana hapo mpaka jua litue. Zaidi ya hayo, kulisema lile neno kwa sauti kulimshinda. Kamba ilikuwa tayari mkononi mwake.

"Nenda," alisema. "Kaa kwenye tuta. Kuna mama amekalia jiwe, mwambie nimekutuma."

Ireri alikimbia, kofia ya majani mkononi, mzee mzima anakimbia kama mtu aliyesikia ameitiwa nyama.

Riungu alibaki ameshika kamba ya mkonge kwenye shamba lililojaa magari ya watu walio kwingine. Mvumo ulianza. Ukapanda. Kimya kifupi. Kishindo. Akahesabu moyoni muda wa kile kimya, kama zamani alivyohesabu kona za Nithi kwenye barabara ya Nairobi, na kwa kimya peke yake alijua gari lipi limeruka vizuri na lipi limetua kwa pua. Yowe la watu lilimfikia likiwa limechelewa. Kisha vumbi likapanda juu ya miiba, jekundu, likaja polepole juu ya mashamba na kumpaka usoni, na hakujipangusa. Alihuzunika sana, na hapakuwa na mtu wa kumficha, kwa hiyo akahuzunika tu. Mtu mmoja aliyefika na gari kwa kuchelewa alimuuliza maegesho ni bei gani, naye akamwambia aingie bure.

Yalipokwisha, watu walirudi wakiwa wekundu kwa vumbi, wamechoka na wana furaha, wakiburura watoto na bendera. Ireri alikuja mbele ya wote, na nyuma yake Karwirwa akitembea kwa shida, viatu mkononi.

"Ile ya kijani," Ireri alianza kabla hajafika. "Gichiaro, ile ya kijani ilienda juu nikaona chini yake. Nikaona tumbo yote ya gari, mabomba yote. Hata sikupiga kelele, nilisahau." Alicheka, machozi yakimchorea mistari kwenye vumbi la mashavu. "Sasa nisikie. Mwaka ujao hii kamba nitaachia mtu mwingine, na wewe nitakuwekea kiti pale mbele kabisa. Utakuja, si ndio? Sema utakuja."

Lilikuwa jambo dogo kusema ndio. Kwa mtu mwingine yeyote duniani Riungu angesema ndio, akapeana mkono, akaenda zake. Alimtazama mzee yule kupitia ule mrija wake, uso mmoja wenye furaha katikati ya ukungu.

"Nikija sitaona," alisema. "Macho yanaisha. Daktari amesema. Leo ndiyo nilikuwa nimekuja kuona."

Ireri alishusha mikono. Alitazama kamba, akaitazama njia aliyotoka, akaelewa alichokichukua. Riungu hakuweza kumgeukia Karwirwa. Alimsikia akipumua nyuma yake.

"Ungeniambia," Karwirwa alisema hatimaye. "Ungeniambia leo ni ya mwisho, singekupeleka kwa foleni ya kofia. Hiyo peke yake ndiyo sikujua."

"Hiyo peke yake?"

"Mimi nimekalia kiti cha kando yako maisha yangu yote. Ulipoacha kuovateki trekta nilijua." Alikuja mbele yake, mahali anapoweza kuonekana. "Unafikiri mbuzi na boda nilikuwa nazihesabia nani?"

Riungu alikuwa ameibeba siri ile kwa tabu yote, kumbe mkewe alikuwa akiibeba upande wa pili.

Alitoa ufunguo mfukoni. Tangu anunue gari lake la kwanza hakuna mtu aliyewahi kumwendesha ndani ya gari lake mwenyewe, si ndugu, si fundi. Alimnyooshea Ireri, ambaye alikuwa na leseni na pikapu kuukuu ya kupeleka ndengu soko la Ishiara.

"Gichiaro wangu, nakuomba. Tufikishe Embu kwa binti yetu."

Ireri aliupokea kwa mikono miwili.

Waliondoka pamoja na wengine wote, wamekwama katika foleni ileile ya asubuhi, sasa imegeukia Embu. Ireri aliendesha kama amebeba mayai. Karwirwa alikataa kiti cha mbele. Alikaa nyuma na mumewe, miguu yake iliyovimba imenyooshwa. Magari ya Nairobi yaliwapita moja baada ya jingine, yakipiga honi, na Riungu hakumhimiza Ireri.

"Vua kofia," Karwirwa alimwambia.

Aliivua. Mkewe alikishika kidole gumba chake, akakiweka juu ya uzi mnene, akakipitisha taratibu: gurudumu la nyuma, mlango, gurudumu la mbele lililoinuliwa, na chini yake kitambaa kitupu, laini, pasipo na kitu.

"Ndiyo maana nilikataa ya rangi," alisema.